Kupitia Kifundo cha Mkono: Mshipa wa Shingo na Siku Kumi na Nne za Kuuokoa Ubongo

Mhadhara kwa wakazi wa Mbweni, Kinondoni

 

Nimeombwa nieleze tiba ambayo baadhi yenu mmeisikia kwa ndugu wanaoishi ughaibuni: mtu mwenye mshipa wa shingo uliosinyaa anawekewa stenti, na daktari hagusi shingo yake kwa kisu, anaingilia kwenye kifundo cha mkono. Nitaieleza hatua kwa hatua, maana inastahili kueleweka. Ila naomba mjue mapema ninakoelekea. Tiba hii, pamoja na ufundi wake wote, humfaa mtu aliyepatwa na dalili akatambuliwa na kupimwa ndani ya siku chache. Huku kwetu mtu huyo mara nyingi hatambuliwi. Dalili inakuja, inakaa robo saa, inaondoka. Nyumba inamshukuru Mungu na kila mmoja anarudi kwenye shughuli zake. Ni hiyo robo saa ninayotaka tuipe uzito wake.

Shingoni kuna nini

Ubongo ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini mtu akiwa ametulia unapokea karibu asilimia 15 ya damu inayosukumwa na moyo. Damu hiyo hupanda kwa mishipa minne. Miwili midogo hupita nyuma, ndani ya mifupa ya shingo. Miwili mikubwa, iitwayo karotidi, hupita mbele, kulia na kushoto kwa kongomeo, na hiyo ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya damu ya ubongo. Karibu na usawa wa juu wa kongomeo kila karotidi hugawanyika: tawi moja huenda usoni, jingine huingia ndani ya fuvu. Hapo penye panda, mkondo wa damu hupinda na kuzunguka, na ndipo lehemu hupenda kujijenga ukutani mwa mshipa, hasa kwa mwenye presha ya muda mrefu, mwenye kisukari, mvuta sigara na mwenye umri mkubwa.

Madhara makubwa huanza pale utando huo wa lehemu unapopasuka. Damu huganda juu ya kidonda, vipande vidogo vinachomoka na kupanda na mkondo hadi kwenye vijishipa vya ubongo. Kipande kikiwa kidogo, mwili hukiyeyusha na mtu anarudia hali yake. Hicho ndicho kiharusi cha mpito. Kipande kikiwa kikubwa kikakaa, sehemu ya ubongo inakufa, na hapo tunazungumzia kiharusi kamili.

Kwa muda mrefu madaktari wengi waliamini kwamba kiharusi huanzia ndani ya kichwa. Mwaka 1951 daktari wa Kanada, C. Miller Fisher, akifanya kazi Montreal, alionyesha kwamba viharusi vingi chanzo chake ni shingoni. Alifika hapo kwa kuwasikiliza wagonjwa. Walimweleza kwamba kabla ya kupooza, jicho moja liliwahi kuingia giza kwa dakika chache kisha likaona tena. Na jicho hilo lilikuwa la upande usiopooza. Fisher akatambua sababu. Karotidi ya kushoto hulisha jicho la kushoto na nusu ya kushoto ya ubongo, na nusu hiyo ndiyo inayoendesha mkono na mguu wa kulia. Jicho la kushoto likizima kwa muda, na wiki chache baadaye mkono wa kulia ukalegea, mhusika ni mshipa mmoja.

Kuanzia kisu hadi mrija

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1954, Eastcott, Pickering na Rob wa Hospitali ya St Mary's, London, waliandika habari za mama aliyekuwa akipatwa na viharusi vya mpito mara kwa mara. Walimfanyia upasuaji wa kuondoa sehemu iliyosinyaa, na mashambulizi yakakoma. Ilipita miongo kadhaa kabla ya jibu la uhakika kuhusu faida ya upasuaji wa namna hiyo. Lilipatikana mwaka 1991 katika utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada. Kwa watu waliokuwa wamepata dalili, na mshipa umesinyaa kwa asilimia 70 hadi 99, waliotumia dawa peke yake walikuwa na uwezekano wa asilimia 26 wa kupata kiharusi cha upande huohuo ndani ya miaka miwili. Waliosafishwa mshipa kwa upasuaji walikuwa na asilimia 9.

Wakati huohuo wengine walitafuta njia isiyohitaji kupasua shingo. Mjerumani Klaus Mathias alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kuupanua mshipa wa shingo kwa puto, kuelekea miaka ya 1980. Baadaye zikaja stenti, yaani vijibomba vya wavu wa metali vinavyobaki ndani ya mshipa na kuushikilia wazi, na vikaja vichujio vya kunasa vipande vinavyochomoka wakati wa kazi. Mwaka 2010 yalitoka matokeo ya utafiti uitwao CREST, uliolinganisha stenti na upasuaji kwa watu 2,502. Kwa kipindi cha miaka minne matokeo ya jumla yalikaribiana sana. Tofauti ilionekana katika siku za mwanzo: kiharusi kiliwapata asilimia 4.1 ya waliowekewa stenti na asilimia 2.3 ya waliopasuliwa, ilhali shambulio la moyo liliwapata asilimia 1.1 ya wale wa stenti na asilimia 2.3 ya wale wa upasuaji. Kadiri umri ulivyozidi miaka 70, upasuaji ulizidi kuwa na nafuu. Kwa wenye umri mdogo zaidi, stenti ilikuwa na nafasi nzuri. Kwa hiyo yeyote atakayekuambia kwamba njia moja ni bora kwa kila mtu, mwombe aeleze kwa nini.

Kwa nini kifundo cha mkono

Kazi hii ya mrija kwa miaka mingi ilianzia kinenani. Mshipa wa kinena ni mpana na mrija hupita kirahisi, lakini uko chini sana ndani ya nyama. Ukivuja, damu inaweza kujikusanya ndani ya tumbo bila mtu kuiona. Mgonjwa hulazimika kulala chali kwa saa kadhaa bila kukunja mguu, na kwa mzee mwenye mgongo mbovu au tezi dume hayo ni mateso.

Montreal ikatoa tena hatua iliyofuata. Mwaka 1989 Lucien Campeau alieleza jinsi alivyochunguza mishipa ya moyo ya wagonjwa 100 kwa kupitia mshipa wa kifundo cha mkono, ule ambao muuguzi huuwekea vidole anapokuhesabia mapigo, upande wa kidole gumba. Mwaka 1992 Ferdinand Kiemeneij wa Amsterdam alianza kutibu moyo kwa njia hiyo. Mshipa huu uko juu juu, nyuma yake kuna mfupa, hivyo damu husimamishwa kwa kufunga mkanda maalumu. Kiganja pia kina mshipa wa pili, upande wa kidole cha mwisho, na kwa watu wengi huo unatosha kukilisha endapo wa kwanza utaziba.

Sasa tufuate safari yenyewe. Mgonjwa ameanza dawa mbili za kuzuia damu kuganda, mara nyingi aspirini na klopidogreli, kabla ya siku ya kazi. Anapigwa sindano ya ganzi kifundoni, yuko macho, anaongea. Daktari anatoboa mshipa kwa sindano nyembamba na kupitisha kijibomba chenye upana wa milimita mbili na ushee. Mshipa wenyewe una upana wa milimita mbili hadi tatu, kwa hiyo hakuna nafasi ya kubahatisha. Anaweka dawa ya kuulegeza usijikunje, na heparini ya kuzuia damu isigande. Mrija mrefu unapanda mkononi, unapita kwapani, chini ya mfupa wa mtulinga, hadi karibu na upinde wa aota, mshipa mkuu utokao moyoni.

Hapo ndipo ufundi hasa unapohitajika. Karotidi ya kulia hutokana na shina lilelile linaloleta damu mkono wa kulia, lakini ili kuiingia mrija lazima ugeuke ghafla kurudi juu. Karotidi ya kushoto kwa watu wengi hutoka peke yake kwenye upinde, na kuifikia kutoka mkono wa kulia kunahitaji mrija wenye ncha iliyokunjwa kama ndoana. Lakini wapo watu, na kwa wenye asili ya Kiafrika ni wengi zaidi, ambao karotidi yao ya kushoto huchipuka kwenye shina la kulia au jirani nalo kabisa. Kwao njia ya mkono wa kulia hunyooka vizuri. Na kwa mzee ambaye upinde wa aota umerefuka na kushuka kifuani, anayetoka kinenani hulazimika kuusugua ukuta wenye lehemu ili apate pembe ya kuingilia, na kila msuguo unaweza kupeleka kipande ubongoni. Mtu wa namna hiyo anaweza kufaidika sana akiingiliwa mkononi.

Mrija ukishatulia shingoni, kichujio chenye umbo la mwavuli hupitishwa sehemu iliyosinyaa na kufunguliwa mbele yake. Stenti huachiwa, hujitanua yenyewe, kisha puto huikandamiza ukutani kwa sekunde chache. Sekunde hizo zina hatari yake. Penye panda ya karotidi kuna mishipa ya fahamu inayopima presha. Ikibonyezwa, mapigo ya moyo yanaweza kushuka ghafla, na ndiyo sababu dawa ya atropini huwa tayari. Kichujio hukunjwa na kutolewa pamoja na kilichonaswa. Mgonjwa anaketi, anakunywa chai, anajiendea msalani mwenyewe.

Je, njia ya mkono ni bora kwa kila mtu? Mwaka 2014 madaktari wa Hungaria walichapisha utafiti wa wagonjwa 260, nusu wakiingiliwa mkononi na nusu kinenani. Kazi ilifanikiwa kwa pande zote, na madhara makubwa penye tundu yalikuwa machache kote. Hata hivyo, asilimia 10 ya walioanzia mkononi ilibidi wahamishiwe njia nyingine, dhidi ya asilimia 1.5 ya walioanzia kinenani. Somo la takwimu hizo liko wazi: timu inayoingilia mkononi lazima iwe na uwezo wa kubadili njia papo hapo. Na mwenye ugonjwa wa figo atangulie kusema, kwa sababu mshipa wa kifundo unaweza kuhitajika kutengenezewa njia ya kusafishia damu.

Ujuzi wa mrija tunao hapa Dar es Salaam. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa Muhimbili mwaka 2015, huzibua mishipa ya moyo na kuweka stenti, na jirani yake ni MOI, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, yenye mabingwa wa upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu. Wataalamu wa mrija wapo, na wapo wataalamu wa ubongo. Kinachobaki ni mgonjwa kufika mapema.

Dar es Salaam na kiharusi

Tuangalie jiji letu. Kati ya mwaka 2003 na 2006 timu iliyomjumuisha Richard Walker kutoka Uingereza na Ferdinand Mugusi wa Muhimbili ilihesabu viharusi, mtaa kwa mtaa na kijiji kwa kijiji, katika eneo la wakazi 56,517 hapa Dar es Salaam na wakazi 159,814 wa Hai, Kilimanjaro. Walipata watu 183 hapa na 453 Hai. Baada ya kurekebisha tofauti za umri ili maeneo yalinganishwe kwa haki, Dar es Salaam ilikuwa na viharusi vipya takriban 316 kwa mwaka katika kila watu 100,000. Hai ilikuwa na 109. Karibu mara tatu. Utafiti wao wa baadaye, uliotoka mwaka 2013, uliitaja presha na sigara miongoni mwa vihatarishi.

Lazima niseme jambo moja kwa uaminifu. Si kila kiharusi hutoka shingoni. Kwa watu wenye asili ya Kiafrika, vijishipa vya ndani ya ubongo vilivyochakazwa na presha vina mchango mkubwa zaidi kuliko karotidi, na viharusi vya damu kuvuja ni vingi kuliko Ulaya. Stenti ya shingo itawafaa wachache. Kipimo cha presha kitawafaa wote waliokaa hapa. Lakini huyo mmoja ambaye mshipa wake wa shingo umesinyaa ana haki ya kujulikana, na hawezi kujulikana kama dalili yake ya kwanza ilizikwa nyumbani.

Sifa anapewa aliyekuwa karibu

Mwaka 2008 Gerry Mshana na wenzake walichapisha utafiti kuhusu namna watu wa Hai na wa Dar es Salaam wanavyokielewa kiharusi. Mtu angetarajia jiji, lenye hospitali kubwa, liwe mbele. Haikuwa hivyo. Hai watu wengi walikieleza kama ugonjwa wa mwili. Huku kwetu wengi walikihusisha na majini au uchawi, na walikimbilia zaidi kwa waganga.

Sisemi haya kumkejeli yeyote. Imani hiyo ina mantiki yake, na ni vizuri tuione. Kiharusi cha mpito, kwa asili yake, huondoka chenyewe. Ukimpa mgonjwa kombe, mkono utarudi. Ukimwombea, utarudi. Ukimchua kwa mafuta au ukamnunulia vidonge duka la dawa, utarudi pia. Hivyo sifa anapewa yeyote aliyekuwa karibu dakika ile, na familia nzima inatoka na ushahidi wa macho yao kwamba tatizo limetibiwa. Hospitali haipati nafasi ya kuonyesha kilichobaki shingoni, kwa sababu hakuna anayempeleka hospitali mtu aliyepona.

Sasa sikilizeni hesabu ya kilichobaki. Mwaka 2000 utafiti wa California uliwafuatilia watu 1,707 waliopata kiharusi cha mpito. Ndani ya siku 90, mtu mmoja kati ya kumi alipata kiharusi kamili, na nusu ya viharusi hivyo vilitokea katika siku mbili za kwanza. Mwaka 2004 Peter Rothwell na wenzake wa Oxford waliunganisha matokeo ya tafiti za upasuaji wa karotidi. Waliotibiwa ndani ya wiki mbili tangu dalili ya mwisho, ilitosha kuwapasua watu watano ili kumwepusha mmoja na kiharusi katika miaka mitano. Waliocheleweshwa kupita wiki kumi na mbili, ilibidi kupasua watu 125 kwa faida hiyohiyo. Mshipa ni uleule, mpasuaji ni yuleyule. Tofauti ni siku.

Na kwa anayejiuliza kama yote haya yanahitaji mitambo ya gharama, Oxford walijibu mwaka 2007. Walipoanza kuwaona wagonjwa wa kiharusi cha mpito siku ileile na kuwaanzishia dawa papo hapo, kiharusi ndani ya siku 90 kilishuka kutoka asilimia 10.3 hadi 2.1. Sehemu kubwa ya dawa hizo ni za kawaida: za kuzuia damu kuganda, za lehemu, za presha.

Tufanye nini Mbweni

Kutoka hapa hadi Muhimbili ni takriban kilometa 30 za Barabara ya Bagamoyo, kupitia Tegeta na Mwenge, na mnaijua foleni yake. Kwa hiyo mambo haya tuyapange kabla ya siku ya shida.

Kwanza, tuzijue dalili. Uso kupinda upande mmoja. Mkono au mguu kulegea au kufa ganzi upande mmoja. Maneno kuchanganyika au kugoma. Jicho moja kuingia giza. Zikianza ghafla, tazama saa uandike muda, maana dawa ya kuyeyusha bonge la damu hutolewa ndani ya saa nne na nusu. Dalili zikiwa zinaendelea, usimpe mgonjwa chakula, maji wala aspirini: anaweza kupaliwa, na bila picha ya kichwa hakuna ajuaye kama mshipa umeziba au umepasuka.

Pili, dalili zikiondoka, safari ya hospitali iko palepale. Nenda siku hiyohiyo, iwe Mabwepande, Mwananyamala au kwingine kwenye daktari, na sema bila kupunguza: mkono wangu ulilegea kwa dakika kumi, sasa uko sawa. Upimwe presha, sukari na mwenendo wa moyo. Uulizie picha ya kichwa na ultrasaundi ya mishipa ya shingo.

Tatu, ukiambiwa mshipa umesinyaa, uliza. Umesinyaa kwa kiasi gani, na je, ndio uliosababisha dalili zangu? Kwangu kipi kinafaa: dawa peke yake, upasuaji au stenti? Kama ni stenti, mkono au kinena, na kwa nini? Timu hii imefanya ngapi, na matokeo yao yakoje? Daktari mzuri atafurahi kuulizwa. Na ujue kwamba baada ya stenti dawa mbili za kuzuia damu kuganda hutumika kwa wiki kadhaa, kisha moja huendelea maisha yote. Anayeziacha kwa sababu anajisikia vizuri anaiacha stenti yake izibe.

Nne, nawaomba masheikh, wachungaji na waganga mlioko hapa. Watu wanawaamini, na wanakuja kwenu kwanza. Somea, ombea, kisha agiza: nenda hospitali leo. Neno hilo likitoka kwenu litafuatwa kuliko likitoka kwangu.

Tano, naiomba Serikali ya Mtaa ianze orodha ya wenye magari walio tayari kuamshwa usiku, na ipange siku moja kila mwezi ya kupima presha hapa hapa. Mwenye presha asiyejua ana deni linalokua kila siku, na anayejua akaacha dawa deni lake ni lilelile.

Madaktari wa Montreal, Amsterdam na kwingineko wametumia zaidi ya miaka 60 kuifanya njia ya kufikia mshipa wa shingo iwe fupi na salama zaidi. Kipande cha njia hiyo kinachoanzia kibarazani hadi hospitali hawawezi kukifupisha wao. Ni kazi ya nyumba zetu. Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, karatasi ya orodha ya magari iko mezani pako. Naomba asitoke mtu mwenye gari kabla hajaandika jina, wala asitoke mtu aliyewahi kulegea mkono kwa dakika chache bila kuja kuniona tuzungumze.